Fungu la Mama Katika Pikipiki

Tuliondoka Mombasa kwa lori la mizigo: mimi, mama, Mjomba Shee na pikipiki ya baba. Baba mwenyewe hakuwamo. Nilikuwa na miaka sita hivi, na kutokuwapo kwake hakukunishangaza, kwa sababu alikuwa mtu wa kutoka. Kazi yake ilikuwa kupeleka vifurushi vya ofisi, leo Changamwe, kesho Kisauni, na siku zake zote zilikuwa za kwenda na kurudi. Alipougua homa akapelekwa hospitali, niliambiwa amekwenda. Kisha watu wakajaa nyumbani, wakasoma Kurani, wakala, wakatawanyika, nikaambiwa amekwenda kwa Mungu. Nilichoshika mimi ni kule kwenda tu. Kwa baba, kwenda kulikuwa nusu ya safari.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi, na kazi ilipompata mtu mwingine, nyumba nayo ilitakiwa. Mama alikuwa ameingia eda, na mjane hatoki nyumba ya mumewe mpaka miezi yake minne na siku kumi ziishe. Mjomba, ambaye ni kaka yake mama, alikuwa amekuja kutoka Mokowe tangu baba alipolazwa. Alikwenda kumuuliza sheikh, naye akamwambia kwamba ikiwa nyumba si ya marehemu na wenyewe wanaitaka, basi mjane naende akakae eda kwao, mradi akifika atulie. Ndivyo tulivyojikuta barabarani.

Mama alikaa mbele, upande wa dirishani, amejifunika buibui mpaka kidevuni, na mjomba akakaa katikati baina yake na dereva. Mimi nilitakiwa kupakatwa, lakini nililia mpaka nikaruhusiwa kupanda nyuma na utingo, kwa sababu pikipiki ilikuwa huko. Ilikuwa imefungwa kwa kamba za usumba kati ya magunia ya mchele na madebe ya mafuta ya taa. Niliegemea tangi lake safari nzima. Penye mashimo ilitikisika, na kitu fulani ndani ya bomba la moshi kikagonga, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

"Ya nani hii?" utingo aliniuliza tulipokuwa kwenye kivuko cha Kilifi.

"Ya baba."

"Yuko wapi babako?"

"Anakuja."

Utingo akatikisa kichwa, akanipa kipande cha muwa. Wale wa umri wangu waliopita njia ile wakati ule wanajua ilivyokuwa. Ukimaliza kivuko kimoja unasubiri kingine, na baada ya Malindi dunia inabaki mchanga na vichaka. Tulilala Garsen tukingoja kuvushwa mto. Asubuhi tulikwama katika tope jeusi hadi jua likawa kali, watu wazima wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Kila tulipozidi kwenda mbali nilizidi kuingiwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Baba angeijuaje nyumba mpya? Hapo zamani sisi ndio tuliomjua yeye kwa mlio. Bomba la pikipiki yake lilikuwa limeoza ndani, likitoa sauti nene yenye kukatikakatika, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Kila alasiri alituambia vile vile: "Mkinisikia penye kona, tieni chai." Nikawaza kwamba maadamu pikipiki tunayo, na yeye anaujua mlio wake, basi ikiunguruma huko tuendako atausikia, ataufuata.

Mokowe ilikuwa kijiji kidogo pwani ya bara, mahali ambapo barabara inaishia majini na watu wa Amu, yaani Lamu, wanashuka kwenye mashua na mabunda yao. Mjomba hakuwa mtu wa baharini. Alikuwa mfua misumari, ile mirefu yenye vichwa vipana inayoshikiza mbao za vyombo vya majini. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda chenye mivukuto, fuawe na rundo la makaa, na mikono yake ilikuwa na vidoa vyeusi vya cheche ambavyo sabuni haikuviweza. Makaa aliyafuata Hindi, kijiji cha bara jirani na hapo, kwa punda. Sasa kulikuwa na pikipiki, na mama aliyehitaji kula, na mimi. Kuendesha alijua, alifunzwa na baba zamani.

Asubuhi ya kwanza alikuja akachutama mbele yangu nikinywa uji.

"Bwana mwenye mali," alisema, "naomba ruhusa nende Hindi na pikipiki yako, nilete makaa na muhogo. Wanipa?"

Nilidhani ananitania. Nikatazama mlango wa chumba cha ndani, ambako mama alikaa.

"Mjibu mjombako," sauti yake ikasema.

"Nakupa."

"Ahsante. Nitaitunza."

Aliomba hivyo kila alipotaka kuitoa. Aliomba niwe nacheza, niwe nimenuna, niwe chooni. Mali ya yatima aliiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Siku moja mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alipita uani, akamkuta amechutama mbele yangu.

"Shee, ruhusa ya mtoto asiyebaleghe haina hukumu. Wewe ndiwe msimamizi wake. Waomba nini kwa mtu ambaye hata kikoi hajui kufunga?"

"Najua, Mwalimu," akajibu mjomba. "Siombi ipate hukumu. Naomba mkono wangu usizoee."

Nilimuuliza mjomba kwa nini pikipiki ni yangu ilhali ni ya baba. Alichukua misumari minane akaipanga mchangani. Baba hakuacha mzazi aliye hai, akanieleza, wala mtoto mwingine ila mimi. Kwa hiyo alichoacha kinagawanywa mafungu manane. Akausogeza msumari mmoja pembeni.

"Huu ni wa mamako. Hii saba ni yako."

"Ya mama ni ipi kwenye pikipiki? Ni taa?"

"Haijagawanywa bado. Fungu lake limo humo humo, kama chumvi ndani ya mchuzi."

Nilikwenda kuitazama pikipiki nikitafuta mahali penye chumvi.

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha dogo la juu lisiloonyesha kitu ila mbingu. Alikaa humo amevaa kanga kuukuu, hana wanja, hana udi, akisoma, akisuka ukili wa mikeka. Mimi niliingia na kutoka nipendavyo. Jioni niliketi naye mkekani kusubiri mjomba arudi, kwa sababu hapo ndipo jambo langu lilipokuwa. Kwanza ulisikika mlio kwa mbali, upande wa barabara ya Hindi. Kisha ule mkatiko, kile kikohozi. Mama aliacha ukili. Mkono wake ukaenda kwenye birika, akatia chai katika kikombe chake, halafu katika kikombe cha pili, kile chenye mstari wa buluu na mkono uliovunjika. Kile kilikuwa cha baba. Alikileta kutoka Mombasa kimefungwa ndani ya leso. Alikisogeza mahali ambapo baba angekaa, akatulia.

Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi kamili. Mtu mzima hatii chai kwa mtu asiyekuja. Na zile siku za eda walizokuwa wakizihesabu, nilizielewa kuwa ni siku za kumsubiri. Zikiisha mama atatoka chumbani, na atatoka kwa nini kama si kwa kuwa baba amefika?

Bi Rukia, mke wa mjomba, alikuwa na ushahidi wake mwingine. Nilimsikia jikoni akimwambia mumewe huku akikuna nazi.

"Wamuumiza dadako, Shee. Kila ukiya na lile dude lako, amtilia chai maiti. Nimemuona kwa mato yangu."

"Amtilia chai?"

"Vikombe viwili. Wewe waingia hapa kama harusi, bumbumbu, yeye moyo wamtoka. Lizibe lile bomba, au rudi kwa punda wako. Punda angalau hafanani na mtu."

Kesho yake mjomba akaja kuchutama mbele yangu, lakini safari hii hakuniita bwana mwenye mali. Aliniita kwa jina langu.

"Nataka nilitengeneze lile bomba la moshi. Lipige kelele kidogo tu. Wanipa ruhusa?"

"Sikupi."

Hakutarajia. Wala mimi sikutarajia. Neno lilitoka lenyewe, nikaona uso wake umebadilika, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba kuomba kwake hakukuwa mchezo.

"Kwa nini?"

"Baba hatasikia."

Kisha akasimama, akapangusa magoti, akasema, "Haya. Umekataa, mwenyewe." Hakuligusa bomba.

Alichofanya ni hiki. Alikwenda Hindi kama kawaida, na aliporudi, akifika penye mikoko mwanzo wa kijiji, alizima injini akaisukuma pikipiki kwa mkono hadi nyumbani. Mchanga wa Mokowe ni mwingi, na nyuma kulikuwa na magunia mawili ya makaa. Aliingia uani kanzu imemgandama mgongoni, anahema. Asubuhi aliisukuma tena mpaka kule kule ndipo aiwashe. Vijana wa gatini walimsubiri njiani kama wanaosubiri ngoma.

"Bwana Shee, hiyo umeinunua au yakudai?"

"Mpeni nyasi, huenda ana njaa."

"Sukumeni nyinyi basi, muone," mjomba alijibu, na wengine kweli walimsaidia huku wakicheka.

Ndani ya chumba, mama alikaa na ukili wake alasiri nzima. Mkono haukwenda kwenye kikombe cha pili. Nilikasirika sana. Niliona mjomba amenizunguka, ameheshimu neno langu na wakati huo huo amelivunja. Lakini siku moja nilimfuata hadi kwenye mikoko, nikamkuta ameketi chini kando ya pikipiki, viatu amevua, akijikanda vifundo vya miguu. Hakuniona. Aliguna kwa sauti ndogo kama mtu mzee, na hakuwa mzee. Kisha akasimama akashika usukani. Nilikwenda nyuma nikasukuma nami, ingawa nadhani sikumpunguzia chochote.

Tulipofika kibandani aliketi kwenye gogo lake, akaniita nisogee, "Ndoo hapa." Alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu.

"Waiona hii?"

"Naiona."

"Hii ndiyo iliyompokea babako kaburini. Mimi nilishuka ndani. Wenzangu walikuwa juu, wakanipa, nikampokea hivi, nikamlaza ubavu wa kulia. Uzito wake ulikuwa hapa." Akagusa mkono wake juu ya kiwiko. "Babako hayuko ndiani, hayuko safarini, mwanangu. Ningekuwa najua ndia aliyopo ningekwenda kumtwaa, ningesukuma hata mpaka huko."

Niliitazama ile mikono. Ilikuwa na vidoa vyeusi na kucha moja iliyopasuka. Nilikishika kiganja kimoja, nikakinusa. Kilinuka makaa na chuma.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu."

Sikulia. Nilifikiri juu ya baba kuwa mzito mikononi mwa mtu, yeye aliyekuwa akinibeba mimi. Baada ya muda nikasema, "Basi lizibe."

"Wanipa ruhusa?"

"Nakupa."

Sasa, mjomba alikuwa fundi wa chuma, lakini maisha yake yote chuma chake kilikuwa kinakwenda kwenye vyombo, na alipofikiri kuziba kitu alifikiri kama watu wa vyombo. Mbao za chombo zinazibwa kwa kalafati: pamba inachovywa katika mafuta ya papa tuyaitayo sifa, inapigiliwa kwenye nyufa, na maji hayapiti tena. "Sauti nayo yapita penye upenyo," aliniambia, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua. Hakutaka kulitoboa wala kulikata bomba la asili, kwa kuwa ni mali yangu. Alilivisha koti. Alikunja bati la debe kulizunguka, na kati ya bati na bomba akajaza pamba iliyolowa sifa, akaipigilia kwa patasi ya kalafati, polepole, akikaza kila pembe. Mimi nilimshikia bakuli. Ilipokwisha ilikuwa nzuri, nene, kama mtoto aliyefungwa mablanketi.

Alipoiwasha uani, kweli ilikuwa imetulia. Tulitazamana tukacheka. Akaondoka zake Hindi.

Mpaka leo, na nimekaa katika miji mingi yenye bandari, nikipita mahali wanapochoma sifa chombo kikipandishwa, nasimama. Wenyeji hufunika pua wakapita haraka. Mimi nasimama, kwa sababu harufu hiyo inanirudisha alasiri ile, tuliponusa pikipiki kabla ya kuiona. Moto wa bomba ulikuwa umepenya kwenye pamba. Haikuwaka, iliungua chini chini, na moshi ulikuwa mweupe, mzito, mbaya kupita kiasi. Mjomba alitokea katikati yake amefumba jicho moja, machozi yanamchuruzika, na nyuma yake paka wa Mokowe wote, mikia juu, wanamfuata kwa adabu kama watu wa maulidi. Watu wa gatini walikuja mbio wakidhani chombo kinaungua. Bibi mmoja jirani alisimama mlangoni akauliza nani anapika papa bila kumtoa matumbo.

"Shee," Bi Rukia alisema, kanga puani, "nilikwambia uizibe. Sikukwambia uikaange."

Hapo tukasikia kutoka chumba cha ndani sauti ambayo sote tulikuwa tumeisahau. Mama alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Mjomba alisimama pale na uso mweusi kwa masizi, akasikiliza, na sikumwona tena akiwa na furaha kama ile.

Jaribio la pili alilifanya kwa busara ya chuma. Alilivua bomba la zamani, akalisafisha, akalipaka mafuta kidogo, akalifunga katika gunia na kulitundika. "Lako lisipungue kitu," aliniambia. Kisha akafua jipya kwa bati nene la pipa. Ndani alitia visahani vya shaba vilivyokatwa kutoka sinia bovu la Bi Rukia, kila kimoja kimetobolewa matundu kwa msumari, matundu ya hiki yasielekeane na ya kile, ili moshi uzunguke uchoke kabla ya kutoka. Nilivuta mivukuto mpaka mikono ikaniuma. Kazi ilichukua siku kadhaa, na ilipokwisha pikipiki iliongea kwa mnong'ono, kama mtu asemaye nyuma ya pazia. Mjomba aliizungusha uani mara mbili, si kuku wala mtoto aliyeshtuka. Akaenda Hindi, akarudi akaingia mpaka ndani ya ua akiwa juu yake, makaa nyuma, kichwa juu.

Alikuwa bado anapakua makaa mama alipotokea mlango wa uani. Hakuwa akifika pale mara nyingi. Alisimama kizingitini, nusu kivulini.

"Kaka, yeo hukwenda Hindi?"

"Nimekwenda nimerudi. Makaa haya."

"Sikukusikia."

"Alhamdulillahi," akasema mjomba, akipangusa mikono. "Tumelifunga lile bomba. Hutalisikia tena."

Mama aliitazama pikipiki. "Nani kawapa ruhusa?"

Mjomba akanionyesha kwa kidevu. "Mwenye mali."

"Ana mafungu mangapi?"

"Saba."

"Na la nane?"

Mfua misumari yule, aliyeomba ruhusa kwa mtoto aliyekuwa chooni, hakuwa amewahi hata siku moja kumwomba dada yake.

"La nane ni lako," akasema polepole.

"Nilisikia ukimwambia mtoto kwamba halijagawanywa. Sasa nagawanya. Saba zake azichukue zote, magurudumu, tangi, taa. Langu mimi ni lile bomba."

"Zuhura, tumefanya kwa ajili yako. Rukia amekuona ukimtilia marehemu chai. Tukaona lakuumiza."

"Laniuma, ndiyo. Nani alisema nataka lisiniume?" Hakupandisha sauti. "Mwadhani sijui kama hayuko? Mimi ndimi niliyemfumba mato. Alikuwa amelala, mimi nimetoka kumtafutia maji, narudi ameshakwenda. Hakuniaga, wala mimi sikumuaga. Basi kila alasiri, nikisikia, namtilia, nakaa naye kidogo. Chai ikipoa nainywa mwenyewe, nikajua siku hiyo imepita. Kesho tena kidogo. Eda ni ya nini, kaka, kama si hiyo?"

Bi Rukia, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, aliinama akaokota kipande cha makaa kilichoanguka, akakiweka juu ya rundo kama kitu kinachovunjika.

Mjomba alikwenda kibandani akalitungua gunia. Akachukua koleo, akaketi mchangani kando ya pikipiki ambayo bado ilikuwa ya moto, akaanza kulifungua bomba alilolifua kwa siku zile zote. Akiwa katikati ya kazi aliinua kichwa.

"Zuhura. Naomba ruhusa nilirudishe bomba lako."

"Nakupa," mama akasema, akaingia ndani.

Basi tukarudi kwenye kikohozi kile kila alasiri, na hakuna aliyekisema tena, wala vijana wa gatini. Mjomba hata alizoea kupunguza mwendo penye mikoko ili mlio ukae njiani kitambo. Mimi niliketi na mama mkekani. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mikono ya mjomba, na mikono ile haikuwa na sababu ya kunidanganya, lakini kujua hakukunijia siku moja. Nilikitazama kikombe chenye mstari wa buluu kikitoa mvuke, mvuke ukapungua, ukaisha, mama akakinyanyua akakinywa. Mara nyingine alinipa nimalizie. Nadhani nilimzika baba kwa njia hiyo, katika mafunda ya chai iliyopoa.

Siku eda ilipokwisha mama alioga, akavaa kanga mpya, akajifukiza udi, akatoka uani mchana kweupe huku wanawake wakimpokea. Niliwatazama wale wanawake wote, nikajua kwamba hapatatokea mtu nyuma yao, na sikushangaa. Alasiri mlio ulipokuja kutoka barabara ya Hindi, mama alitia chai vikombe viwili kama kawaida. Kile cha mstari wa buluu akanipa mimi, chai ikiwa ya moto, kwa mikono miwili.

"Chako hiki sasa," akasema. "Kishike tini kwenye kitako, mkono hakina."

Kesho yake yeye mwenyewe alimwambia mjomba arudishe lile bomba la visahani vya shaba. La zamani alilitia ndani ya gunia lake akalitundika chumbani, juu ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo wanawake wengine hutundika kioo. Na huko likakaa miaka. Nilikua nikilala chini yake. Mara kwa mara mama alilishusha akalipaka mafuta.

Nilipofaulu kwenda skuli Mombasa, kwa ndugu wa baba, nilikuwa kijana mwembamba mwenye haraka ya kuondoka. Sikujua kwamba nitakuwa mtu wa kuondoka maisha yangu yote, kwamba kila mji nitakaofikia nitaanza kuusikiliza kama unanifaa au la, na kuuhama. Nilijua tu kwamba Mokowe imekuwa ndogo. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na lori halikufika gatini, liliishia Hindi. Ilibidi nipelekwe na pikipiki.

Mjomba alikuja akachutama mbele yangu, ingawa sasa nilikuwa nimemzidi kimo. Magoti yalimlia.

"Bwana mwenye mali. Naomba ruhusa nikupeleke Hindi."

"Mjomba, ichukue. Iwe yako."

"Sikuomba unipe. Nimeomba ruhusa ya yeo."

"Nakupa."

Mama alitoka chumbani na gunia mkononi. Alilifungua mbele yetu, akalitoa bomba la zamani, jeusi, linang'aa mafuta. Ndani yake kile kitu kikagonga, tik.

"Na mimi natoa ruhusa yangu," alisema. "Mtieni. Amchukue mwanawe mpaka ndiani."

Lilifungwa. Aliniombea dua akiwa ameshika kichwa changu, na mkono wake ulikuwa na mafuta, ukaacha alama kwenye kofia yangu ambayo sikuifua kwa muda mrefu. Tukaondoka tukipiga kelele kijiji kizima, watoto wakitukimbilia, mpaka penye mikoko, ambapo mjomba alipunguza mwendo kwa mazoea.

Hindi lori lilikuwa linangoja. Alinifungia sanduku juu ya mzigo, akajaribu kamba mara tatu. Alinyoosha mikono yake, nikaishika yote miwili. Kisha akapiga kiki, injini ikakohoa, na akageuza usukani kuelekea Mokowe.

Nilisimama juu ya magunia nikimtazama hadi akaingia nyuma ya vichaka, na baada ya hapo nikabaki kusikiliza. Tangu nipate akili, mlio ule nilikuwa nikiungoja uje. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliusikiliza ukienda. Ulizidi kuwa mdogo, ukakatika, ukarudi, ukakatika. Dereva alikuwa ananiita niketi. Sikuketi, kwa sababu kule mwisho wa barabara, ndani ya chumba chenye dirisha dogo la juu, alikuwako mtu ambaye kwake mlio huo huo, wakati huo huo, ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusikika.